Siku Mashine Ilipojiwasha Yenyewe

Siku mliyoniaga nilipostaafu, mkanipa ile saa ya ukutani ambayo sasa imesimama, mlinisihi niandike machache ya kazini ili wanaokuja wasianze gizani. Nimekubali, ila vyeo na mishahara nimeviacha. Vyeo mtavikuta kwenye faili langu, na mishahara ingewakatisha tamaa bure. Nitaandika habari za mashine moja, za mzee mmoja aliyenifundisha kazi, na za mama mmoja ambaye sikuwahi kusema naye hata neno. Mtakaposoma msitafute mahali pa kucheka, maana pako pachache.

Nilipoanza kazi, Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, umekatwa juzi tu kutoka Arusha, na Babati ilikuwa inajifunza kuwa makao makuu. Watumishi walihamia wakiwa na magodoro juu ya magari, ofisi ziligombea vyumba, na kule Bagara mashamba ya mahindi yaligeuka viwanja kabla watu hawajavuna. Hospitali niliyoajiriwa sitaitaja jina. Niliripoti asubuhi na viatu vyangu vya kanisani, cheti mkononi, nikaelekezwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, kwenye chumba ambacho mlangoni kilikuwa bado kimeandikwa "Stoo ya Magodoro". Humo ndimo ilimokaa seva, ile kompyuta kubwa iliyohudumia hospitali nzima, na humo ndimo alimokaa Mzee Bura.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Una mtoto?"

"Ninaye mmoja, Devota."

"Basi Mama Devota, humu tunavua viatu. Vumbi la hapa likishaingia kwenye feni, hata ubembeleze halitoki."

Nikavua viatu vya kanisani. Kwa miaka yote niliyofanya kazi na Mzee Bura nilikanyaga sakafu ile kwa soksi, na ndiyo maana hadi leo nikiingia chumba cha seva mguu wenyewe unatafuta pa kuacha kiatu.

Mzee Bura ujana wake aliumaliza kwenye chumba cha kuunganishia simu, enzi ambazo mtu akitaka kuongea na Dodoma lazima binadamu mwingine achomeke waya kwa mkono. Alikuwa Mgorowa wa Babati hapahapa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, tochi, na brashi ya kupakia rangi ambayo haikuwahi kugusa rangi, bali ilifagia vumbi kwenye mashine kila Jumatatu. Alinifundisha kupima joto la mashine kwa mgongo wa mkono, namna mama anavyompima mtoto homa. Alinifundisha pia kusoma alichokiandika fundi aliyetangulia kabla ya kumtukana, jambo ambalo wengi wenu bado linawashinda.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Ndani ya seva mlikuwa na huduma kadhaa, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila mtu kukaa mbele yake: ya mapokezi, ya maabara, ya duka la dawa, na baadaye ya kutuma meseji. Kila huduma, kabla haijaanza, inahitaji kuambiwa mambo machache. Itumie lugha gani, ihifadhi kumbukumbu wapi, itoke nje kwa njia ipi. Mambo hayo ndiyo vigezo vya mazingira: jina, na thamani yake, basi. Huduma huvirithi kwa yule aliyeiwasha. Ukiviandika kwenye dirisha lako la kazi kisha ukaiwasha huduma kutoka humohumo, itavijua. Ikiwashwa na mwingine, haitavijua, wala haitajua kwamba kuna kitu haikijui.

Tulijifunza kwa taabu kwamba vigezo hivi havifai kumwagwa ovyo. Mwaka wangu wa kwanza, wakubwa walitaka kadi za mapokezi zitoke kwa Kiswahili, na fundi mmoja aliyetoka nje ya mkoa akaweka kigezo cha lugha kwa mashine nzima badala ya kukiweka kwa huduma ya mapokezi peke yake. Kadi zikatoka safi. Ila maabara nako tarehe zikaanza kuandikwa Machi na Juni na Agosti, na ile programu ya maabara, iliyozoea Kiingereza, ikawa inayakataa majibu ya wagonjwa kwa kuwa haikuielewa miezi. Kwa siku kadhaa tulidhani kipimo kimeharibika. Mzee Bura alipogundua alikaa kwenye kiti akashika kichwa. "Anakunywa dawa mmoja," akasema, "wanaharisha wote." Tangu hapo sheria ikawa hiyo: kila huduma na vigezo vyake, kwenye faili lake la kuwashia, jirani asionjeshwe.

Lakini huduma moja haikuifuata sheria hiyo, na aliyeizuia ni yeye mwenyewe Mzee Bura.

Ilikuwa ile ya meseji. Jokofu letu la damu mara nyingi lilikuwa tupu, hasa damu ya kundi O, kwa hiyo hospitali iliandikisha watu wa mjini waliokuwa tayari kuitwa: walimu, wauza samaki wa ziwani, mafundi baiskeli, akina mama wa Nangara, vijana wa pikipiki za abiria ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Mkunga akibonyeza kitufe wodini, seva inawatumia meseji wenye kundi lile. Ilikuwa huduma nzuri, niseme ukweli. Nimewaona watu wakifika wakiwa na unga wa mashine mikononi, wakikunja mikono ya shati wakiwa bado langoni.

Meseji zilipita kwenye modemu mbili, vifaa vidogo vya kuunganisha na mtandao wa simu, zilizochomekwa nyuma ya seva, kila moja na laini ya kampuni yake. Tatizo ni kwamba kila mashine ilipowaka upya, iliziita modemu kwa mpangilio iliojisikia. Leo ya kushoto ndiyo ya kwanza, kesho ya pili. Mzee Bura alikataa kuandika kigezo cha modemu, yaani meseji zipite kwenye ipi, kwenye faili la kuwashia. Umeme ukikatika na kurudi, alikuja yeye mwenyewe, akavua viatu, akachungulia taa za modemu, akaandika kigezo kwenye dirisha lake, kisha akaiwasha huduma kwa mkono. Hospitali nzima ililijua jambo hilo na kulipa jina. Umeme ukirudi, mtu alisikika koridoni akiuliza, "Mzee ameshaamsha?" Na watu walingoja.

Nilimwambia si mara moja. "Mzee, tuzipe modemu majina ya kudumu, halafu tukiandike kigezo kwenye faili la huduma. Ijiwashe yenyewe."

"Mama Devota, kule kwenye simu hakuna laini iliyojiunga yenyewe. Mtu alikuwepo. Ikikosea, unamjua wa kumuuliza. Hii ikijiwasha ikakosea, utamuuliza nani?"

Haikuwa hoja ya kijinga, ndiyo maana iliishi muda mrefu. Nilichokuwa sijakielewa, wala yeye hakukielewa, ni kwamba huduma ile ilikuwa tayari imeandikishwa na waliotuletea iwake pamoja na mashine. Kila umeme uliporudi iliwaka bila kigezo, kisha Mzee akaja, akaizima bila kujali, akaiwasha upya kwa mkono wake. Hatukuwahi kuiona ikiwa peke yake. Na ikiwa peke yake haikupiga kelele kwamba haina modemu. Ilipokea meseji, ikaziweka kwenye folda kusubiri, na kule wodini ikamwonyesha mkunga alama ya kijani.

Baba mzazi wa mwenzetu wa kitengo akafariki. Maziko yalikuwa kijijini kwao, chini ya Mlima Hanang. Mnajua desturi yetu: mfiwa hazikiwi baba yake na wajumbe wawili. Kitengo kizima tulipanda gari, tukabeba rambirambi na maturubai, na Mzee Bura ndiye aliyepangwa kusema kwa niaba ya ofisi. Alipita chumba cha seva kabla hatujaondoka, akagusa mashine kwa mgongo wa mkono, akaridhika. Kule kijijini simu zilikuwa mapambo tu.

Umeme ulikatika tukiwa njiani. Jenereta liliwaka kama kawaida yake, likiwa limechelewa kidogo, na betri ya akiba ya seva ilikuwa imechoka, haikuweza kuubeba huo uchelewaji. Mashine ikazimika, ikawaka. Huduma zote zikawaka nayo. Taa zote zikawa za kijani, na kwa kuwa hakuna huduma iliyogoma, hakuna aliyeuliza kama Mzee ameamsha.

Yule mama aliitwa Maria. Mumewe, Samweli, alikuwa mfugaji wa nyanda za Hanang, mmoja wa wale walioanza kulima, na alimleta kwa lori la mahindi baada ya uchungu kumshinda nyumbani. Mtoto alizaliwa salama, mdogo kama paka lakini analia. Mama akaanza kutoka damu na haikukoma. Kundi lake ni O, la mumewe na la mama yake aliyewasindikiza hayakufaa, ndugu wengine walikuwa mbali na ng'ombe. Sista Veneranda, mkunga, alibonyeza kitufe. Alama ya kijani. Akabonyeza tena. Kijani. Wodini walikuwa wawili tu, mwenzake ameshikilia tumbo la mgonjwa kwa mikono yote miwili, na kila baada ya muda Sista alimwambia Samweli, "Wanakuja, baba. Tumeshawaita."

Tulirudi alasiri. Gari lilipoingia langoni Sista Veneranda alikuwa amesimama kwenye ngazi, aproni yake imelowa damu. Hakutusalimia.

"Mzee Bura, mbona watu hawaji?"

"Watu gani?"

"Wa damu! Nimetuma tangu mchana. Nimetuma mara tatu!"

Nilimwona mzee yule akitazama nguzo ya umeme, kisha jenereta, ambalo lilikuwa bado linanguruma nyuma ya jengo. Akaelewa. Hakwenda kwenye seva. Aligeuka akakimbia kutoka langoni, mzee wa umri ule, na koti la msibani, akavuka barabara hadi kwenye duka la vipuri vya baiskeli lililotazamana na lango letu. Mwenye duka, Bwana Athumani, alikuwa kundi O, mtu wa kwanza kufika karibu kila tulipoita. Alikuwa ameketi nje na kanzu yake ya Ijumaa, amemaliza kunywa chai.

Walirudi wote wawili mbio. Bwana Athumani alikuwa ameishika simu juu, kama mtu anayeonyesha tiketi.

"Sista, hii hapa simu. Haijalia tangu asubuhi. Nilikuwa hapa. Wallahi nilikuwa hapahapa tu."

"Ingia maabara, baba. Ingia upesi."

Mimi nilikimbilia sokoni kwa wauza samaki, nikiita majina niliyoyakumbuka. Nilipata wanawake wawili, tukapakiana kwenye pikipiki moja. Tulipofika Bwana Athumani alikuwa amelala na sindano mkononi, mfuko umefika nusu. Mtaalamu wa maabara alikuwa akipima damu yake kwa haraka iliyoruhusiwa. Hakumaliza. Sista Veneranda alitoka wodini akiwa anavua glovu polepole, moja, halafu ya pili, na sote tukajua.

Samweli alikuwa kwenye benchi la koridoni na shuka yake na fimbo katikati ya magoti. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyejifunza ukubwani. Alimtazama Bwana Athumani kupitia mlango wa maabara, akamtazama Sista.

"Damu si hiyo imekuja?" akauliza.

Mama mkwe wake alianza kulia kwa lugha yao, na kilio hakihitaji mkalimani. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jenereta, ambako hakuna ambaye angenisikia. Niliwakasirikia wote siku ile, hata marehemu tuliyemzika asubuhi kwa kuchagua kufa wiki ile. Hasira ya namna hiyo haina adabu.

Kikao kiliitwa. Mmoja alilaumu umeme, mwingine jenereta, na mwingine akaanza kumzunguka Sista Veneranda kwa maswali: kwa nini hukutuma mtu avuke barabara? Mzee Bura alisimama. "Mwacheni," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Yeye aliamini nilichomwonyesha. Jambo hili ni la kwangu." Mganga mfawidhi akaamuru huduma ya meseji izimwe mpaka itengenezwe, na tukaizima. Maria akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Mtoto akabaki wodini na bibi yake mpaka aongeze uzito, na Samweli, baada ya kuzika, akawa anakuja na kuketi kwenye benchi la langoni akisubiri ruhusa ya kumchukua.

Mzee Bura aliacha kula mchana. Aliingia, akavua viatu, akakaa. Jumatatu ya pili baada ya siku ile akaniambia, "Mama Devota, vuta kiti. Leo tunaandika."

Tuliandika. Nawaeleza tulivyofanya, kwa kuwa ndivyo mnavyopaswa kufanya hata leo ambapo mafaili yamebadilika sura. Kwanza tulizipa modemu majina ya kudumu kwa kufuata namba zilizochongwa migongoni mwake, ili mashine isizibatize upya kila inapowaka. Pili, tulifungua faili la kuwashia la huduma ya meseji peke yake, tukaandika kigezo cha modemu humo, si kwa mashine nzima. Tatu, tukaongeza mistari inayosema kwamba kigezo kikikosekana huduma igome kuwaka, ipige kelele, na iweke alama nyekundu wodini. Huduma inayogoma mtaitafutia fundi. Inayojifanya nzima itawazikisha watu. Kisha tukasoma kila mstari kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole.

"Sasa tufanye nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Tuondoe mikono," akasema. "Chomoa."

Hicho ndicho kipimo pekee. Msiniambie mmeiwasha kwa mkono ikafanya kazi, kwa mkono hata ile ya zamani ilifanya kazi. Chomoeni umeme, mrudishe, kaeni mikono mapajani mwone itakavyoamka. Nikachomoa. Feni zikanyamaza, na chumba kikawa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia humo ndani. Nikachomeka. Mashine ikaguna, ikapitia mambo yake, huduma zikapanda moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikapanda ile ya meseji, na kigezo chake, bila binadamu kuigusa. Mzee Bura alivuta pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamwona kama anataka kutabasamu.

Taa ya modemu ikaanza kumetameta. Tulidhani inatafuta mtandao. Ikaendelea kumetameta, haikomi, kama mtu mwenye mengi ya kusema, na Mzee Bura akainama kuitazama, akaiweka tochi chini taratibu.

"Folda," akasema. "Mama Devota, ile folda."

Meseji za siku ile zilikuwa bado humo. Katika zile siku za msiba na vikao hakuna aliyezikumbuka, na huduma, ilipoipata modemu yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile, ilifanya ilichotumwa kufanya. Nilichomoa waya wa modemu, lakini zilikuwa zimeshakwenda zote. Damu kundi O inahitajika haraka wodi ya wazazi. Mara tatu kwa kila mtu.

Tulipofika langoni walikuwa wameshaanza kufika. Bwana Athumani alikuwa wa kwanza, hajafunga hata duka. Wanawake wa samaki na aproni zao. Mwalimu mwenye chaki kwenye vidole. Pikipiki zilikuja zimebeba wawili wawili, na akina mama wa Nangara walikuja kwa miguu wakihema, na wote walikuwa wanakunja mikono wakiuliza kwa pamoja, "Mgonjwa yuko wapi? Yuko wodi gani?" Maana wengi wao hawakujua kilichotokea, wao walijua wameitwa.

Samweli aliinuka kwenye benchi. Aliwatazama wale watu wakijaa langoni, akatusogelea Mzee Bura na mimi tuliposimama na soksi tu, tumesahau viatu.

"Hawa wamekuja kwa nani?"

Mzee Bura angeweza kudanganya. Kulikuwa na wagonjwa wengine, angemtaja yeyote.

"Kwa mke wako," akasema. "Ndio wale aliowaita Sista."

"Wote hawa?"

"Wote."

Samweli akawatazama tena, mmoja mmoja, bila haraka, na mikono yao iliyokunjwa.

"Kumbe walikuwepo," akasema.

Tulisimama pale na watu wakazidi kufika, na nyuma yetu, kwenye stoo ya magodoro, mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.